Fox Theatre ya Atlanta: msikiti usio na kibla, anga lisilo na mvua

Shuka kituo cha treni cha North Avenue, tembea kidogo kuelekea Peachtree Street, na utakutana na kuba la umbo la kitunguu, minara, matao, na ukuta wa matofali ya rangi mbili, krimu na kahawia hafifu, yaliyopangwa mstari kwa mstari kama misikiti ya Wamamluki wa Kairo. Mtu wa Mombasa au Unguja atatega sikio asikie adhana bila kukusudia. Haitatoka. Kinachoning'inia hapo ni bango la taa lenye herufi tatu, F, O na X, na chini yake kuna foleni ya watu wenye tiketi za tamthilia ya muziki.

Hili ndilo jumba la Fox, lenye viti 4,665, mojawapo ya makasri makubwa ya sinema ya Marekani ambayo bado yanajaza watu. Tathmini hii inapima vitu viwili kwa pamoja: anachopata mwenye tiketi leo, na ubora wa ukarabati uliolifikisha jumba hapa. Haviachani, kwa sababu ndani ya Fox karibu kila kitu ni cha kuigiza. Jiwe si jiwe, turubai si turubai, mbingu si mbingu. Jiwe la kweli likizeeka hupata heshima, lakini lipu iliyopakwa rangi ionekane jiwe ikizeeka inaonekana chafu tu. Ndiyo maana jumba kama hili linahitaji mafundi kila mwaka, wala haliwezi kuachiwa wakati ulipendezeshe.

Waliolijenga hawakuwa Waislamu wala watu wa filamu. Walikuwa Shriners wa Yaarab Temple, chama cha kindugu chenye mizizi katika Ufrimasoni, ambacho wanachama wake huvaa tarbushi nyekundu na kupenda kila chenye harufu ya Uarabuni. (Jina Yaarab kwa sikio la pwani linawakumbusha Mayaarubi wa Oman, waliowang'oa Wareno Ngome ya Yesu mwaka 1698. Sidhani kama Atlanta walikuwa na habari hiyo.) Walitaka makao makuu na ukumbi wa mikutano. Wasanifu wao, Marye, Alger and Vinour, wakachanganya Alhambra ya Uhispania na hekalu la Karnak la Misri, maana kaburi la Tutankhamun lilikuwa limegunduliwa mwaka 1922 na watu walikuwa na homa ya Mafarao. Zama hizo hizo Zanzibar, Mwingereza J. H. Sinclair alikuwa akiyavika majengo ya serikali kuba na matao ya Kiarabu, na Beit el Amani ya mwaka 1925 ndiyo shahidi. Tofauti ni kwamba Sinclair alikuwa na majengo halisi ya kutazama nje ya dirisha lake.

Gharama ziliwazidi wenyewe, wakaukodisha ukumbi kwa William Fox, tajiri wa filamu. Ukafunguliwa tarehe 25 Desemba 1929, hata miezi miwili haijatimia tangu soko la hisa la New York liporomoke. Wiki 125 baadaye ulifungwa, na jengo likanadiwa kwa dola 75,000. Katikati ya miaka ya 1930 likarudi kazini na kupata miongo mizuri, hadi televisheni na sinema za vitongojini zilipolinyonya wateja. Mwaka 1974 kampuni ya simu ya Southern Bell ikakitaka kiwanja ijenge makao yake makuu.

Hapa pana jambo la kujifunza kwa yeyote anayepigania jengo la kale. Wakazi waliandamana na kukusanya saini, lakini kilichookoa jengo ni hesabu. Waliunda shirika lisilo la faida, Atlanta Landmarks. Mwaka 1975 likakopa benki dola milioni 1.8, na mpango wenyewe ukahusisha kupata viwanja vya jirani na kubadilishana na kampuni ya simu. Kampuni ikapata pa kujenga, jumba likabaki. Deni lilimalizwa mwaka 1978, kabla ya muda wake. Mwenye kiwanja asipoonyeshwa pa kwenda, kelele zote huishia siku kibali cha kubomoa kinapotoka.

Sasa tuingie. Ukumbi mkuu umejengwa kama ua wa ngome ya Kiarabu wakati wa usiku: kuta zenye meno ya ngome pande zote, madirisha yenye mwanga kana kwamba kuna watu ndani, na juu anga la buluu. Mtindo huu wa ukumbi wenye anga bandia ulienezwa na msanifu John Eberson, aliyeanza nao Houston mwaka 1923. Katika anga la Fox kuna nyota 96, kila moja ni kioo kilichopachikwa darini na balbu nyuma yake. Theluthi yake humetameta, zilizobaki hutulia, na uwiano huo ndio siri, kwani nyota zote zingemetameta ungedhani uko kwenye duka la mapambo ya Krismasi. Mawingu yanayopita polepole hurushwa na mashine ya mwanga.

Juu ya roshani kumetandazwa kitu kama hema kubwa la mistari. Watu wengi hutoka wakiwa na hakika ni kitambaa. Ni lipu juu ya nondo za chuma, na haipo kwa urembo peke yake: inasaidia kurudisha sauti ya jukwaani kwa waliokaa viti vya juu. Ukiketi chini yake utafahamu kwa nini mtu wa viti vya mbali bado anasikia maneno.

Lipu hiyo ndiyo inayowaumiza vichwa wanaotunza majumba ya aina hii popote yalipo. Dari haikai juu ya boriti, inaning'inia. Kutoka kwenye fremu ya chuma ya paa hushuka fito, fito hubeba vyuma vyembamba vya mlalo, vyuma hivyo hufungwa wavu wa chuma kwa waya laini, na wavu ndio unaoshika lipu ya jasi. Uzito wote unategemea vifundo vya waya vyenye unene wa kijiti cha kiberiti. Mtaro wa paa ukizibwa na majani, maji hutuama, hupenya, hutiririka kwenye fito na kuozesha vifundo hivyo. Chini hakuna anayeona kitu kwa miaka. Siku dari inapodondoka, watu husema lipu ilizeeka, kumbe kilichokufa ni waya.

Kwa hiyo ukaguzi mzuri huanzia juu ya dari, kwenye vijia vya mafundi, tochi mkononi, na mtaro husafishwa kabla ya kugusa rangi yoyote. Fundi hugonga lipu kwa kifundo cha kidole au nyundo ya mpira. Sauti kavu na fupi maana yake imeshikamana, sauti ya ngoma maana yake imeachana na wavu. Palipoachana lakini hapajavunjika hutobolewa matundu madogo, huingizwa gundi ya akriliki, na sehemu hukazwa kwa skrubu zenye vibati vyenye matundu mpaka gundi ikauke. Vifundo vilivyolika huongezewa nguvu kutoka juu: vipande vya katani au gunia huchovywa kwenye jasi nyepesi na kuzungushwa kwenye fito na wavu, vikikauka vinakuwa kama bandeji ya mfupa. Jasi ya kumwagia kwenye kalibu huchanganywa kwa mizani, si kwa jicho, takriban maji kilo 7 kwa jasi kilo 10. Jasi ndiyo hutiwa ndani ya maji, ikaachwa inyonye dakika moja au mbili, kisha ikakorogwa taratibu ili isibebe mapovu. Ikishaanza kuganda usiiongezee maji, itakauka dhaifu kama chaki.

Pambo lililopotea hunakiliwa kutoka kwa nduguye aliye mzima. Hupakwa mpira wa silikoni tabaka kwa tabaka, juu yake hujengwa ganda gumu la jasi ili mpira usijikunje, halafu nakala humwagwa ndani ikiwa na nyuzi za kioo ili iwe nyembamba na nyepesi kuliko ya zamani. Kosa kubwa, na linafanyika kote duniani, ni kuziba pengo la jasi kwa saruji. Penye unyevu saruji na jasi hutengeneza chumvi inayovimba, na kiraka kinajisukuma chenyewe nje, kikiondoka na lipu nzuri ya pembeni. Mafundi wa Mji Mkongwe wanaijua habari ya jamaa yake: saruji juu ya ukuta wa matumbawe na chokaa hufungia maji ndani, na ukuta unaoza ukiwa na sura nzuri.

Anga lenyewe ni gumu kuliko mapambo. Pambo lenye majani na maua huficha kiraka, ilhali anga ni uso laini mtupu, na taa huupitia kwa ubavu kutoka pembeni, hivyo kila uvimbe hutoa kivuli. Rangi mpya, hata ikilingana kabisa na ya zamani, hung'aa tofauti. Fundi mwenye akili hapaki kiraka, hupaka kutoka mpaka mmoja wa asili hadi mwingine, au anga zima. Balbu za nyota hubadilishwa kutoka juu ya dari, kwa hiyo fundi akikosea hatua, mguu wake unaweza kuitoboa mbingu.

Kuhusu rangi za kuta za Fox, tathmini yetu ni nzuri, tena nzuri kwa sababu ya kujizuia. Jumba la sinema la umri huu hubeba miongo ya moshi wa sigara, na ukarabati wa haraka hupaka juu ya uchafu huo au kuusugua kwa maji. Rangi za zamani zenye gundi huyeyuka zikiguswa na maji, mchoro wote ukaishia kwenye ndoo. Njia salama ni sifongo kavu ya mpira kwanza, kisha jaribio la pamba yenye unyevu mahali pasipoonekana, ndipo uamuzi. Rangi ya asili hutafutwa kwa kukwangua tabaka moja moja, kila tabaka likiachwa wazi kwa ukubwa wa kidole gumba, na kipande kidogo hutazamwa kwa hadubini. Mtego upo kwenye vanishi. Ikizeeka huwa ya manjano, na asiyejua ataichukua manjano hiyo kama rangi ya msanii, aipake upya jumba zima, na buluu yote igeuke kijani.

Dhahabu nayo ina mtego wake. Nyingi kwenye majumba haya ni karatasi ya shaba na zinki, na isipofunikwa vizuri hugeuka kahawia. Wengi huirudishia kwa rangi ya unga wa shaba kutoka kopo, inayong'aa mwaka wa kwanza na kuwa kama tope miaka michache baadaye. Fox mng'aro wake umetulizwa. Chini ya taa za onyesho, na hapo ndipo pa kuuhukumia, si chini ya taa za usafi, kuta zinarudi nyuma na kuliachia jukwaa nafasi.

Tukifika kwenye kinanda kikubwa cha filimbi, tunakipa alama zote. Kilitengenezwa na kampuni ya Möller ya Hagerstown, Maryland, kikawekwa jumbani mwaka 1929. Kina safu nne za vibao vya vidole na filimbi 3,622, na kwa vinanda vya majumba ya maonyesho kinatajwa cha pili kwa ukubwa baada ya kile cha jumba la Radio City Music Hall la New York. Watu wa Atlanta hukiita Mighty Mo. Kilinyamaza katika miaka ya 1950, kikafufuliwa mwaka 1963 na Joe Patten na wenzake, fundi ambaye baadaye alipewa makazi ndani ya jumba lenyewe na kukaa humo miongo kadhaa.

Kwa nini kinanda cha namna hii hunyamaza? Sababu kuu ni ngozi. Mpigaji akibonyeza kibao, umeme huamsha sumaku ndogo, sumaku hufungua tundu, hewa hutoka kwenye kifuko cha ngozi, kifuko hunywea na kuvuta vali, ndipo filimbi ipate upepo kutoka kwenye feni kubwa ya chini. Kila filimbi inahitaji mnyororo huo, na ngozi hukakamaa na kupasuka baada ya miaka arobaini hadi sitini, upesi zaidi penye moshi. Kifuko kilichopasuka humaanisha noti bubu. Kinyume chake ni noti isiyonyamaza, inayolia hata ukiondoa kidole, kwa kawaida kwa sababu punje ya vumbi imezuia vali isifunge. Kwa hiyo mkarabati anayekwangua dari kabla ya kufunika vyumba vya filimbi anajitengenezea maafa: vumbi la jasi huingia kila mahali.

Joto nalo lina neno. Sauti ya filimbi za kawaida hupanda kwa kiasi cha senti 3 za muziki (senti 100 ni nusu toni) kwa kila digrii moja ya Selsiasi, ilhali filimbi zenye ulimi wa shaba hazibadiliki vile. Ukumbi ukiwa moto, makundi hayo mawili huachana na kinanda kinasikika kimelewa. Ndiyo maana vipoza hewa vinatakiwa kuwashwa saa nyingi kabla ya wasikilizaji kuingia, mpaka ukumbi ufikie joto lile lile ambalo kinanda kilirekebishiwa. Mtu akilalamika kwamba ukumbi una baridi wakati bado mtupu, aelezwe hivyo.

Aprili 1996 moto wa hitilafu ya umeme ulizuka jengoni. Patten, aliyekuwa akiishi humo, aliung'amua mapema, na ukumbi ukanusurika. Nyaya za zamani zilizofunikwa kwa mpira na kitambaa ni hatari isiyoonekana kwenye jengo la namna hii: mpira hukauka, na ukiugusa kwa kuongeza taa mpya unabomoka. Sifa kubwa ya Fox ni kwamba ina idara yake ya kuhifadhi na kukarabati, watu wanaokuja kazini kila siku, wala haingoji mkandarasi wa kila baada ya miaka ishirini. Jumba hujiendesha kwa maonyesho yake, matamasha, na harusi kwenye ukumbi wa Kimisri. Mwaka 2008 lilianzisha Fox Theatre Institute, inayosaidia majumba mengine ya kale ya Georgia kwa utaalamu na fedha. Filamu zenyewe ni sehemu ndogo ya kalenda, nyingi zikiwa za msimu wa kiangazi, na atakayekuja kwa ajili ya sinema pekee aangalie ratiba kabla ya kukata tiketi ya ndege.

Viti ndipo tunapopunguza alama. Nafasi ya magoti ni ya mwaka 1929, na mtu mrefu atarudi nyumbani akiikumbuka. Nyuma kabisa ya ghorofa ya chini, roshani inakufunika kichwa: huoni anga, huoni hema, na sauti za juu hupungua ukali, kwa hiyo umelipia kasri ukapata baraza. Mistari ya mbele ya roshani, sehemu iitwayo Loge, ndiyo bora: jukwaa lote, anga lote, na sauti kamili. Juu zaidi bei hushuka na ngazi huongezeka, na mwenye tatizo la miguu aulize kuhusu lifti kabla ya kununua.

Sehemu ya juu kabisa ina historia ambayo ukarabati haukuifuta, na haifai kufutwa. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960, Wamarekani Weusi hawakuruhusiwa kupita mlango mkuu. Walikuwa na dirisha lao la tiketi, ngazi zao za nje, na viti vyao huko juu kabisa, vilivyotengwa kwa ukuta. Ziara ya kuongozwa, ya takriban saa moja, ni njia nzuri ya kupaona, maana siku ya onyesho utapita haraka ukitafuta namba ya kiti. Muulize kiongozi akuonyeshe ngazi hizo, asipozitaja mwenyewe.

Kwa siku ya filamu, ingia mara milango inapofunguliwa. Kinanda hupanda kwa lifti yake kutoka chini ya jukwaa, na wasikilizaji huimba pamoja kabla ya filamu kuanza. Nyota huwa zimewashwa tayari. Treni za Red na Gold zinakutoa uwanja wa ndege hadi North Avenue bila kubadilisha, na baada ya onyesho zinakuokoa na foleni ya kutoka kwenye maegesho, ambayo kwa jumba la watu elfu nne na ushei si ya mchezo.